Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuendesha Shamba Dogo la Kahawa la Familia, Kizazi hadi Kizazi

Majibu haya yameandikwa na familia inayolima kahawa Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Wengi wanaotuuliza si wageni wa zao hili. Ni watoto wa Uchagani walioko Dar es Salaam, Arusha au Dodoma ambao wazazi wao wamezeeka, na ambao kila Desemba wanapopanda nyumbani kwa Krismasi hukuta magugu yamefika kiunoni mwa mibuni. Kwa sababu hiyo maswali ya urithi yamechukua nafasi kubwa hapa kuliko maswali ya kilimo, na tunaamini ndivyo inavyostahili.

Shamba lenu lina ukubwa gani?

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni ekari mbili na nusu, pamoja na kipande cha nusu ekari ng'ambo ya korongo ambacho bibi alikinunua kwa fedha zake mwenyewe. Mna mibuni mia tisa na ushee katikati ya migomba na miti ya kivuli ya miringaringa na mifuruanje, na banda la ng'ombe wawili ambao bila samadi yao hesabu yetu yote ya mbolea ingevurugika. Msimu mzuri hutupa magunia saba hadi tisa ya kilo 60 ya kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Msimu mbaya hutupa manne. Kontena la futi 20 hubeba magunia takriban 320 ya namna hiyo, kwa hiyo mnunuzi anayetafuta kontena zima hana la kuzungumza nasi, na tumejifunza kutopoteza muda wake wala wetu.

Kahawa ilifikaje kwenu, na familia imeilima tangu lini?

Kahawa aina ya arabika ililetwa Kilema na wamisionari wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1898 ndio unaotajwa mara nyingi. Wachagga waliipokea kwa haraka kwa kuwa ilikubali kuishi chini ya migomba bila kudai shamba la peke yake. Mwaka 1925 wakulima wenyewe waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU ambacho makao yake yako Moshi hadi leo. Baba wa babu yetu alipanda mibuni yake ya kwanza katika miaka hiyo ya 1930, na mingine kati yake bado inazaa.

Yaliyofuata kila familia ya hapa inayajua. Kahawa ilisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, navyo vikarejeshwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya mauzo ulisambaratika na bei ikaporomoka. Mwaka 2001 bei ya arabika katika soko la New York ilikuwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Majirani wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Babu hakung'oa, lakini tusimfanye shujaa: hakuwa na nguvu za kung'oa, na watoto wake wote walikuwa mjini.

Mnaposema "kahawa maalumu" mnamaanisha nini?

Tunamaanisha kahawa ambayo waonjaji wenye mafunzo, wakitumia mizani ya alama 100, huipa alama 80 au zaidi, na ambayo sampuli yake ya gramu 350 haina kasoro hata moja ya daraja la kwanza, kama punje iliyooza au iliyo nyeusi kabisa. Madaraja ya AA, A, B na PB ambayo wengi huyataja kwa fahari hupima zaidi ukubwa na umbo la punje. Punje kubwa ya AA iliyokaushwa vibaya hubaki kubwa na hubaki mbaya.

Nani anarithi shamba kwa desturi, na je, desturi hiyo inafaa kwa kahawa?

Kwa desturi ya Kichagga, kifungua mimba wa kiume na kitinda mimba wa kiume ndio wenye nafasi ya pekee: mkubwa hupewa sehemu yake mapema ajijenge, na wa mwisho hubaki na wazazi, huwatunza, kisha hurithi nyumba yao na kihamba kinachoizunguka. Wa katikati walitafutiwa ardhi kwingine. Utaratibu huo ulikuwa na akili kubwa wakati mlima ulikuwa na nafasi, kwa sababu daima palikuwa na mtu mmoja mwenye wajibu wa kulala pale mibuni ilipo.

Kilichoharibika ni ile nafasi. Ardhi ya kuwapa wa katikati ilikwisha, na wazee wakaanza kukata kihamba chenyewe, kila mtoto akapewa ukanda wake uliozungushiwa masale, mimea yetu ya mpaka. Tumeona kihamba cha ekari nne kikiwa vipande kumi na kimoja katika vizazi viwili. Mwenye mibuni themanini hawezi kununua mashine ya kumenya, wala haoni sababu ya kupulizia dawa iwapo jirani yake, ambaye ni ndugu yake wa tumbo moja, hapulizii. Chulebuni, ugonjwa wa ukungu wa kahawa, haiheshimu masale. Hapo kahawa hufa ingawa ardhi ipo na warithi wapo.

Jibu letu, ambalo baadhi ya wazee wa ukoo bado hawajalipenda, ni kwamba ardhi ibaki moja na kigawanywe kile kinachotoka ndani yake. Mwaka alipofariki babu tulikaa kikao cha ukoo siku ya tatu baada ya mazishi, tukakubaliana kwamba kihamba hakitakatwa, kwamba kila nyumba ina haki ndani yake, na kwamba mtu mmoja atateuliwa kukiendesha kwa miaka mitano mitano. Tuliandika muhtasari, kila mtu mzima akatia saini, wake na mabinti pamoja. Muhtasari huo ndio tuliopeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo wakati wa kuomba usimamizi wa mirathi, na ndio uliotuepusha na kesi ambazo tumeona zikila vihamba vya wengine hadi ng'ombe wa mwisho.

Ukumbuke kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi wa kila kitu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwapa warithi haki zao na kurudisha hesabu mahakamani. Ndugu anayeteuliwa msimamizi kisha akajiona mwenye shamba ndiye chanzo cha nusu ya magomvi tunayosimuliwa.

Binti anaweza kurithi na kuendesha shamba?

Anaweza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema wazi, katika kifungu cha 20, kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi haina nguvu. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza iliamua, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Hoja kwamba binti ataolewa na kuipeleka ardhi kwa watu wengine hudhoofika zaidi pale ardhi isipogawanywa, kwa kuwa anachokwenda nacho ni sehemu ya mapato tu. Kwetu anayeendesha shamba sasa ni shangazi, mstaafu wa ualimu, na hajawahi kutupa mwaka wenye daftari lililokosa hesabu.

Mapato mnayagawaje bila kugombana?

Tuligombana kwanza. Katika misimu mitatu ya mwanzo tuligawa sawasawa kwa kila nyumba, na aliyeamka alfajiri miezi mitano akapata sawa na aliyetuma ujumbe wa pongezi kutoka mjini. Msimu wa nne aliyekuwa akiamka aliacha kuamka.

Sasa gharama zote hurudishwa kwanza: dawa, vibarua, usafiri, ukoboaji, makato ya chama. Kinachobaki tunakitengeneza sehemu kumi. Sehemu tatu hubaki kuwa mfuko wa shamba, na mfuko huo una akaunti yake yenye watia saini watatu. Sehemu tano hulipwa kwa siku za kazi zilizoandikwa, awe aliyefanya ni mwana, mkwe au mjukuu. Sehemu mbili ndizo za ukoo, nazo hugawiwa kila nyumba kwa usawa hata kama haikugusa jembe, kwa sababu nyumba hiyo imekubali kutodai ukanda wake. Uwiano wako unaweza kuwa mwingine. Muhimu ni kutochanganya malipo ya jasho na malipo ya damu katika fungu moja.

Daftari la siku za kazi hukaa jikoni, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na huandikwa jioni ile ile. Tulijaribu kutumia kundi la WhatsApp badala yake, tukajikuta tunabishana juu ya picha. Mwaka mmoja ndugu wawili walidai wote kwamba ndio waliopogoa upande wa korongo, na mmoja akakataa kula mezani na mwenzake hadi Pasaka. Kurasa za Februari zilifunguliwa, ikaonekana kila mmoja alifanya siku sita, na kwamba wote wawili walisahau kuwa mkwe wao alifanya tisa. Aliyekosa alileta jani la sale kwa mwenzake, kama desturi inavyotaka mtu aombapo radhi, na mkwe akalipwa.

Walioko mjini washiriki vipi?

Washiriki kwa fedha za mtaji katika miezi ya njaa ya shamba, kuanzia Januari hadi Juni, na kwa kutafuta wanunuzi. Wasishiriki kwa kutoa amri za kilimo kwa simu.

Tung'oe mibuni ya babu tupande aina mpya?

Usianze na panga. Mibuni ya zamani ya mlimani, ambayo mingi ni ya ukoo wa Bourbon na Kent pamoja na aina za N39 na KP423 zilizochaguliwa na watafiti wa Lyamungu, hutoa kikombe kinachosifiwa na wanunuzi wengi. Udhaifu wake ni magonjwa mawili: chulebuni, ambayo hushambulia punje changa penye baridi na unyevu, na kutu ya majani, ambayo hupenda joto la maeneo yaliyo chini kidogo mlimani. Kwa aina hizo, mwaka bila dawa za ukungu ni mwaka wa kuchuma majani.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake hapo hapo Lyamungu wilayani Hai, imezalisha aina zinazostahimili magonjwa yote mawili, na miche yake hupatikana kwenye bustani za taasisi, za vikundi na za vyama vya msingi. Anayezipanda hupunguza sana gharama ya dawa. Sisi tumefuata njia ya katikati: kila mwaka tunajaza mapengo kwa miche mipya hamsini, na mibuni mikongwe yenye mizizi mizuri tunaikata shina kwa mshazari, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kisha tunaacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Mbuni uliokatwa hivyo hurudi kuzaa vizuri baada ya miaka miwili, ilhali mche mpya unahitaji mitatu. Tusikate zaidi ya robo ya shamba kwa mwaka mmoja. Aliyekata lote alikaa misimu miwili akinunua kahawa ya kunywa dukani.

Tumeweka kumbukumbu ya upande wenye aina ipi, kwa sababu tunachuma na kuchakata kila aina peke yake. Kuchanganya kila kitu katika gunia moja ni kumnyima mnunuzi sababu ya kukurudia.

Ubora hupatikana au hupotea wapi?

Hupotea usiku. Kahawa mbivu inapochumwa, kuanzia Julai au Agosti hadi Desemba kwetu, ni lazima imenywe siku hiyo hiyo. Tunachuma nyekundu tu, kwa kurudi kwenye mti ule ule kila baada ya wiki moja au mbili, kisha tunazitosa kwenye maji na kuondoa zinazoelea, kwa kuwa hizo ni tupu au zimetobolewa na wadudu. Mashine ya mkono humenya debe baada ya debe hadi saa tatu au nne usiku. Kahawa iliyomenywa huvundikwa kwenye sinki ili utelezi ulegee, na hapa hakuna saa ya ukutani inayotosha: bondeni saa 24 zinaweza kutosha, kwetu juu penye baridi huchukua saa 36 hadi 48. Mtu huingiza mkono na kusugua. Punje zikikwaruza kama changarawe, huoshwa papo hapo, hata kama ni saa tisa usiku.

Tuliwahi kupoteza sinki zima. Kulikuwa na msiba wa jirani, watu wazima wote walikuwa matangani, na kijana aliyeachwa nyumbani aliona haya kutuita. Kahawa ilikaa karibu siku nne ikageuka kuwa na harufu ya siki, na mnunuzi aliyeionja aliirudisha kwa haki. Tangu hapo kila sinki lina kibao cha chaki chenye saa ya kujazwa na jina la mwenye zamu, na kijana yeyote ana ruhusa ya kumwita mzee yeyote kutoka mahali popote.

Baada ya kuoshwa, kahawa ngozi, yaani iliyo bado ndani ya ganda lake jembamba, huanikwa kwenye vichanja, kamwe si chini, kwa tabaka jembamba, hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa wakati wa jua kali la mchana na usiku, na punje mbovu huchambuliwa ikiwa bado mbichi kwani ndipo kasoro huonekana vizuri. Huchukua wiki mbili, wakati mwingine na ushee, hadi unyevu ufikie asilimia 11 hivi. Wazee hupima kwa kung'ata, nasi tunaheshimu meno yao. Hata hivyo tulinunua kipima unyevu kwa kushirikiana na familia nyingine nne, na mara mbili kimetofautiana na meno na kikawa sahihi.

Mnauza wapi?

Mkulima mdogo leo huuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Tangu msimu wa 2018 serikali iliwazuia wanunuzi binafsi kununua kahawa moja kwa moja vijijini, na kahawa hupita kwenye chama, hukobolewa, kisha huenda mnadani au huuzwa nje kwa mkataba chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa Tanzania, ambayo ofisi zake kuu ziko Moshi. Masharti ya leseni na ya mauzo ya moja kwa moja hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kumwahidi mgeni yeyote chochote, nenda ofisini ukaulize yanayotumika msimu huo.

Familia moja yenye magunia manane haina nguvu mbele ya mkataba wa nje. Tulichofanya ni kukubaliana na familia nyingine nne za mtaa wetu kuchakata kwa kanuni moja, kisha kuomba chama kiweke kahawa yetu kama fungu la peke yake lenye namba yake, isichanganywe kiwandani. Ombi hilo hufanyika kabla ya msimu na kwa maandishi. Mara ya kwanza tuliomba kwa mdomo, na kahawa yetu ikaishia kwenye lundo la wote.

Wanunuzi wa Ulaya wanadai ramani ya shamba. Kwa nini?

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kahawa iwe imetoka kwenye ardhi ambayo haikuwa msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta nne, nukta moja ya mahali inatosha. Vihamba vimekuwepo kwa karne nyingi, hivyo hakuna cha kuficha. Toa nukta hiyo kupitia chama chako, na utunze nakala.

Mabadiliko ya tabianchi yamewagusa vipi?

Usiku umekuwa na joto zaidi kuliko tulivyozoea, na jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka kwenye joto la chini la usiku hupunguza mavuno kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Mvua nazo hunyesha nje ya zamu, mibuni ikachanua mara tatu badala ya mbili, na uchumaji ukawa mrefu na wa gharama. Tunachoweza kufanya ni kutunza kivuli, kutandaza majani ya migomba shinani, na kusafisha mfongo, yaani mfereji wa asili wa umwagiliaji. Mfongo wetu hutoa maji ya mto unaotoka msituni, kwa zamu ya saa sita kila wiki, na familia isiyotuma mtu siku ya kuuzibua hulipa faini. Faini hiyo ilikuwepo kabla ya sisi kuzaliwa.

Je, shamba hili linawalisha?

Peke yake, hapana. Ndizi hutulisha, maziwa hulipa umeme na ada ndogo ndogo, na kahawa huleta fedha kubwa mara moja kwa mwaka. Bei ya New York ilipopita dola 4 kwa ratili mwezi Februari 2025, simu kutoka mjini ziliongezeka ghafla, na vijana wawili walitaka kuacha kazi waje kulima. Tuliwaonyesha madaftari ya miaka kumi iliyotangulia, wakakaa nayo mchana mzima. Mmoja alirudi Dar es Salaam. Mwingine yuko kwenye sinki usiku huu.

Mzee hataki kuachia. Tufanyeje?

Msimnyang'anye daftari. Mpeni kijana eneo moja, mibuni mia hivi, aliendeshe kuanzia kupogoa hadi kuanika, na kahawa yake ipimwe na kuonjwa peke yake. Baba yetu aliachia shamba alipoonjeshwa vikombe viwili bila kuambiwa kipi ni chake, akachagua kile cha binti yake. Alinyamaza siku mbili, kisha akamkabidhi ufunguo wa stoo, ingawa ule wa ghala la mbolea alibaki nao miaka mitatu zaidi.

Tunaweza kuja kuona?

Karibuni kati ya Septemba na Novemba, siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi na siku za msiba. Njooni na viatu vya matope. Atakayefika mapema atapewa kikapu, na siku yake itaandikwa.